Chuma Kinaposhuka: Mwaka Mzima wa Kuvua Besi kwa Kibapa

Asubuhi moja ya Januari katika ziwa la Dale Hollow, mpakani mwa Kentucky na Tennessee, pete za fimbo yangu ya kuvulia ziliziba barafu. Kila nikirusha mara nne au tano ilinibidi nichovye ncha ya fimbo ziwani ili barafu iachie, maana maji ya nyuzijoto 7 yalikuwa na nafuu kuliko hewa. Mwenzangu, mzee wa kutoka Uvira, Kongo, ambaye sisi vijana wa Afrika Mashariki tunaoishi katika mji wa Bowling Green, Kentucky, humwita Papa, alikuwa amekaa tezi, nyuma ya boti, kofia imemshuka hadi kwenye nyusi. Keshatoa samaki watatu aina ya besi. Mimi sijaguswa. Chambo chetu kilikuwa aina moja, rangi moja, na tulikuwa tukirusha kwenye mteremko uleule wa mawe.

"Mutoto yangu," alisema bila kunigeukia, "mukono yako iko mbio."

Tangu siku hiyo imepita misimu sita ya baridi, na kila mwaka nimeendelea kuvua kwa chambo kilekile, kuanzia barafu hadi jua la Agosti. Watu wengi ninaokutana nao kwenye gati hukifungia sandukuni Machi ikiingia, kana kwamba ni koti. Naona wanakosea, na ningependa kueleza kwa nini.

Kwanza chambo chenyewe. Ni kipande chembamba cha chuma kilichokatwa umbo la samaki mdogo, urefu wake haufiki kidole cha kati. Chini ya koo kimebandikwa risasi, sawa na chubwi ya mshipi, ndiyo inayokifanya kizame kichwa chini. Mgongoni kina tundu la kufungia mshipi, na vingine vina matundu mawili au matatu. Tumboni na mkiani huning'inia ndoana mbili, kila moja ina ncha tatu. Mimi na Papa tumezoea kukiita kibapa. Ukikishika mkononi hakikuambii kitu. Hakina mkia wa kuchezacheza, hakina harufu, hakina macho ya kuvutia. Lakini ukikivuta majini, hata kwa nusu hatua tu, kinatetemeka, na ule mtetemo unapanda kwenye mshipi, unapita kwenye fimbo na kukufikia kiganjani kama simu iliyowekwa kimya inapopigiwa.

Viwanda vinavyovitengeneza ni vingi. Heddon Sonar ina matundu matatu mgongoni, na inafaa kwa anayejifunza, kwa sababu utajionea mwenyewe tofauti: ukifungia tundu la mbele, karibu na pua, mtetemo ni mwembamba na wa haraka, ukifungia la nyuma, kinayumba kwa upana zaidi. Silver Buddy ndiyo ya wenyeji wa huku. Aliyeivumisha ni Billy Westmorland wa mji wa Celina, Tennessee, mvuvi ambaye jina lake na Dale Hollow hayatenganishwi hadi leo. Samaki wao ni besi wa mdomo mdogo, mwenye mistari ya rangi ya shaba ubavuni, mwenye nguvu kuliko umbo lake linavyoonyesha.

Sasa, kwa nini chuma kitupu kimvutie samaki katika maji yanayokaribia kuganda? Jibu nililipata siku nyingine, ndani ya hori dogo la ziwa ambako upepo ulikuwa umesukuma shadi wengi ufukweni. Shadi ni samaki mdogo wa fedha anayeishi kwa makundi. Mtu wa Ziwa Victoria angemwona akamkumbuka dagaa, ila huyu ni mpana zaidi. Kuna aina moja ambayo mwiba wa mwisho wa pezi la mgongoni umerefuka ukawa kama uzi. Huyo hawezi baridi kabisa. Maji yakishuka chini ya nyuzijoto 7 hivi anaanza kulegea, na yakishuka zaidi wanakufa kwa maelfu. Nilipiga magoti mbele ya boti nikamtazama mmoja kwa karibu. Alikuwa amelala ubavu, anazama polepole huku akizunguka. Halafu, ghafla, mwili wote ukatetemeka, akapanda kiasi cha shubiri moja, nguvu zikamwishia, akaanza kuzama tena. Akatetemeka mara ya pili, chini zaidi. Kisha nikampoteza machoni.

Kibapa hufanya jambo hilohilo. Kinatetemeka na kupanda kidogo, halafu kinazama. Na besi wa majira ya baridi, ambaye damu yake ina baridi kama maji yaliyomzunguka na tumbo lake linasaga chakula taratibu mno, hawezi kumfukuza samaki mzima. Anakaa chini ya shadi wanaokufa, anangoja kinachomwangukia. Ndiyo maana mkono wangu wa siku ile ulikuwa wa kasi mno. Nilikuwa nikivuta kama mtu anayekimbizwa, wakati samaki alikuwa akingoja kitu kinachokufa.

Papa hakujifunzia haya Marekani. Ujana wake wote ulipita kwenye Ziwa Tanganyika, usiku, taa ikiwaka juu ya maji, akivua mukeke kwa mshipi wa mkononi. Watu wa Kigoma humwita samaki huyohuyo mgebuka. Mshipi unashushwa, unainuliwa kidogo, unaachwa ushuke, na kidole cha shahada ndicho kinachosikiliza. Alipofika Bowling Green na kupelekwa ziwani kwa mara ya kwanza, alipewa fimbo na rili, gurudumu la kukunjia mshipi, akaona ni mambo yaleyale yenye mpini mrefu. Hadi leo hushika mshipi kwa kidole mbele ya rili. Nimemwiga, na kwa kweli ushauri huo peke yake una thamani kuliko fimbo ya bei ghali.

Tunapima kwa mwili, kama wazee walivyopima kamba na nguo. Katika majira ya baridi, mkono ni shubiri. Unarusha, unaacha kibapa kifike chini kabisa, unakaza mshipi, unainua ncha ya fimbo kiasi cha shubiri moja au mbili, mpaka tu usikie mtetemo umeanza. Hapohapo unasimama. Halafu unakirudisha chini kwa kukifuata na fimbo.

Kwenye kule kushuka ndiko kila kitu kiliko. Ukiuachia mshipi ulegee kabisa, kibapa hujipindua na ndoana ya mkia kuunasa mshipi wenyewe. Utakivuta hadi botini kikiwa kimejifunga, umepoteza safari. Ukiukaza mno, hakianguki, kinabembea kuja kwako na kumpita samaki juu ya kichwa. Unatakiwa mshipi ulionyooka bila kuvuta. Ni jambo dogo linalochukua siku nyingi kulizoea, na sijaona njia ya mkato.

Na samaki anashika wakati huo, chuma kinaposhuka. Mara chache sana utasikia pigo la nguvu. Mara nyingi husikii chochote. Unapoinua tena unakuta uzito kama wa tambara lililolowa. Njia aliyonifundisha Papa ni kuhesabu. Kila nikishusha nahesabu kimoyomoyo. Kama chini ni nne, basi kila mara mshipi hulegea kwenye nne. Siku ukilegea kwenye tatu, ile moja iliyopungua ni samaki. Usifikiri, inua.

Niseme machache kuhusu vifaa, maana hapa watu hupenda kutumia fedha nyingi bila sababu. Fimbo ya futi 7 isiyo ngumu sana, mshipi wa florokaboni unaohimili ratili 10, kibapa cha nusu aunsi kwa maji ya futi 15 hadi 30, na cha robo tatu upepo ukiwa mkali. Usifunge mshipi moja kwa moja kwenye tundu, kwa sababu ukingo wa chuma utaukata. Tumia pini ndogo ya mviringo inayofunguka. Ndoana zichongwe mara kwa mara, kwani zinagonga mawe siku nzima. Kikinasa chini, usivute kwa hasira. Sogeza boti mpaka uwe juu yake, legeza mshipi, kisha tikisa ncha ya fimbo. Ile risasi ya kooni itajigonga na mara nyingi ndoana huachia. Na vaa jaketi la kuokolea, lifungwe kifuani. Katika maji ya nyuzijoto 7 nguvu haziishi polepole. Mikono hukataa kazi ndani ya dakika chache.

Machi ikifika, mvua zinateremsha udongo na maji hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Wengi hapo ndipo wanapoacha chuma na kutafuta vitu vya rangi kali. Mimi naona ndio wakati kibapa kinapostahili kubaki kwenye fimbo. Samaki ana mstari wa ubavuni unaosikia mtikisiko wa maji, na katika maji yasiyopenyeka kwa macho yeye hutegemea mstari huo. Maji yakifika nyuzijoto 10, besi huanza kutoka kwenye vina na kupanda kwenye rasi za changarawe. Hapo mkono hurefuka. Shubiri inakuwa dhiraa, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, na unaposhusha si lazima kila mara kifike chini.

Halafu, kwenye nyuzijoto 15 au 16 hivi, naacha. Wakati huo dume wa besi ameshafagia changarawe kwa mkia akatengeneza kiota cha duara, jike ametaga akaondoka, na dume amebaki analinda mayai peke yake. Hali chakula vizuri. Atashambulia chochote kinachokaribia, hata chuma, kwa ajili ya kukiondoa. Ni rahisi sana kumvua. Lakini ukimtoa, hata kwa dakika chache za picha, samaki wadogo waliokuwa wakivizia pembeni wanakimaliza kiota. Najua wapo wanaovua kipindi hicho na sheria inawaruhusu katika maziwa mengi. Mimi nimemwona dume akirudi kwenye kiota kilichokwisha kuliwa, akaendelea kukizunguka. Sikurudi tena kufanya hivyo. Wiki hizo nafuata samaki wengine, au nakaa nyumbani nachonga ndoana.

Sasa kiangazi, ambacho ndicho nilichotaka zaidi kukieleza. Watu wa hapa wanapenda kusema besi mkubwa wa Dale Hollow ni wa baridi. Lakini rekodi ya dunia ya besi wa mdomo mdogo, ratili 11 na aunsi 15, ilipatikana katika ziwa hilohilo tarehe 9 Julai 1955, na David Hayes, aliyekuwa akirambaza, yaani akikokota chambo nyuma ya boti, tena chambo kingine kabisa. Julai! Samaki hawaondoki ziwani jua likiwaka. Wanashuka tu.

Kiangazi maji ya ziwa hujigawa. Juu kuna tabaka la moto, chini kuna tabaka la baridi, na katika maziwa mengi ya huku tabaka la chini hupungukiwa na hewa kadiri majira yanavyoendelea. Samaki anabanwa katikati. Kwenye Barren River Lake, lililo karibu zaidi na nyumbani kwangu, mimi huwatafuta kwenye kingo za mkondo wa mto wa zamani, ule uliofunikwa na maji bwawa lilipojengwa, kwenye futi 15 hadi 25. Kipima kina kinawaonyesha kama punje za mchele juu ya mstari wa chini.

Huyu si besi wa Januari. Damu imechemka, tumbo limejaa, chakula kimejaa kila mahali. Ukimletea kibapa kwa shubiri, anakitazama kikipita. Kwa hiyo mkono unakuwa pima, urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Unakishusha hadi chini, halafu unakichomoa kwa nguvu, fimbo inapanda mkono wote, chuma kinaruka futi 5 au 6 kwa mtetemo wa kishindo, kisha kinaanguka. Samaki hakishiki kwa njaa. Anashika kama wewe unavyodaka kikombe kinachodondoka mezani, kabla hujaamua. Na bado, zingatia hili, anashika kinaposhuka. Katika majira yote niliyovua, hilo halijabadilika. Kinachobadilika ni urefu wa kupanda.

Kuna na ile raha ya jioni za Agosti. Ziwa limetulia, halafu ghafla maji yanachemka mita 50 kutoka kwako: besi wamewazunguka shadi na kuwasukuma juu, na shadi wanaruka kama mtu ametupa kiganja cha sarafu. Chambo chepesi hakifiki. Kibapa kinafika, kwa sababu ni kidogo na kizito, kinakata upepo. Tukirusha ng'ambo ya kundi na kuvuta moja kwa moja bila kusimama, tunapata mmoja au wawili. Papa yeye hufanya kinyume. Anaacha kizame chini ya ghasia, kwa kuwa wakubwa hawapandi juu kugombana. Wanakaa chini wanaokota majeruhi. Jioni moja alitoa watano mfululizo kwa namna hiyo, wote wakubwa kuliko wangu, na hakusema neno.

Oktoba na Novemba sitasema mengi, maana ni miezi myepesi. Maji yanapoa, matabaka yanachanganyika, ziwa linateremshwa ili kuacha nafasi ya mafuriko, na shadi wanaingia kwenye hori. Wafuate. Mkono urudi dhiraa, kisha kadiri baridi inavyozidi urudi shubiri. Kama una wiki moja tu ya mapumziko kwa mwaka, ichukue Novemba.

Jambo moja linaniuma bado. Desemba ya mwaka wa tatu nilimnasa besi wa mdomo mdogo ambaye naamini alizidi ratili 6. Alipopanda kuelekea juu nilifurahi, nikainua fimbo ili nimwone. Aliruka, akatikisa kichwa mara mbili, na kibapa kikaruka kikaanguka botini karibu na kiatu changu. Chuma kina uzito, na samaki anapotikisa kichwa hewani uzito ule unamsaidia yeye kung'oa ndoana. Tangu hapo, nikiona mshipi unapanda, nashusha ncha ya fimbo hadi iguse maji na kuendelea kukunja bila kupumua. Na samaki akitoka kwenye kina kirefu namtoa ndoana upesi nimrudishe, kwa kuwa kibofu chake cha hewa kinavimba na akikawia juu atashindwa kushuka.

Mimi ni mzaliwa wa Naivasha. Nilikua nikiona besi wa mdomo mkubwa wakipakuliwa kwenye ufuko wa Kamere pamoja na tilapia, na nilidhani ni wa kwetu tangu dunia iumbwe. Nilikuwa mtu mzima, tena nimeshahamia Kentucky, nilipojua kwamba asili yake ni huku, na kwamba aliingizwa Naivasha mwaka 1929 kwa ajili ya wavuvi wa starehe. Kamba wekundu anaowala kule, asili yao pia ni Marekani, nao walipelekwa mwaka 1970. Tangu nijue hivyo nilitaka kukishusha kibapa nyumbani.

Agosti iliyopita nilikwenda. Binamu yangu, ambaye maisha yake ni nyavu, alinichukua kwa boti hadi upande wa Crescent Island, kwenye kina kirefu kuliko kwingine ziwani. Tulipita kwenye migunga iliyokufa ikiwa imesimama majini tangu ziwa lilipofurika 2020, tukazima injini mbali na viboko. Maji yalikuwa kama nyuzijoto 20, na kule hayabadiliki sana mwaka mzima. Hakuna Januari, hakuna shadi wanaokufa. Karibu na ufuko magugu yalikila chuma kila niliporusha, nikapoteza viwili ndani ya nusu saa. Kwenye maji wazi mkono niliouchagua ulikuwa dhiraa, karibu na chini, kama kamba anayeruka kinyumenyume. Nilipata mmoja wa ratili 2 hivi, mgongo wa kijani kibichi, mstari mweusi ubavuni, sawasawa na wale wa Barren River.

Binamu alimshika akamgeuzageuza, akamwangalia mdomoni, kisha akakishika kibapa. "Kaka, hiki ndicho amekula? Hakina hata chambo." Nikampa fimbo. Nikamwonyesha pa kuweka kidole cha shahada kwenye mshipi, nikamwambia ahesabu kwa sauti kila kinaposhuka. Mara ya kwanza nne. Akainua, akashusha. Nne tena. Akainua dhiraa moja kama nilivyomwonyesha, akakifuata chini kwa fimbo, macho yakiwa kwenye kidole.

"Moja," akasema. "Mbili..." Akanyamaza, akanitazama.